UCHAMBUZI: Sheria ya viuadudu imemsahau abebaye pampu

WAZIRI wa Kilimo, Bw Mutahi Kagwe, alipotangaza Juni 2025 kuwa bidhaa 77 za kuua wadudu na magugu zimepigwa marufuku, na matumizi ya nyingine 202 kuwekewa masharti, watetezi wa afya walifurahi. Walikuwa na sababu. Hata hivyo, marufuku ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili inamhusu kibarua anayebeba pampu mgongoni, na huyo bado hajakumbukwa.

Sekta hii husimamiwa na Sheria ya Bidhaa za Kudhibiti Wadudu, Sura ya 346, ya mwaka 1982, iliyobuni Bodi ya Kudhibiti Bidhaa hizo (PCPB). Bodi husajili dawa kabla ya kuuzwa, hukagua maduka ya pembejeo na kutoa leseni kwa wauzaji pamoja na kampuni zinazofukiza nyumba na maghala. Lakini anayelipwa kwa kila pampu anayonyunyizia katika shamba la nyanya kule Mwea haulizwi cheti wala mafunzo. Sheria huifuata chupa ya dawa hadi kwenye kaunta ya agroveti, kisha ikaishia hapo.

Ni kweli kwamba Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Lakini ni nadra kwa mkaguzi kufika katika shamba la nusu ekari ambako kibarua ameajiriwa kwa siku moja.

Kwamba tunaweza kuchukua hatua tukitaka, si jambo la kubishaniwa. Mnamo 2013 Umoja wa Ulaya (EU) ulianza kukagua asilimia 10 ya shehena za maharagwe mabichi na minji kutoka Kenya kwa sababu ya mabaki ya dawa, hasa dimethoate. Soko lilipotishiwa, matumizi ya dawa hiyo katika mboga na matunda yalizuiwa, na wauzaji nje wakaanza kufuatilia mazao shamba kwa shamba. Mlaji wa Ulaya alilindwa. Je, aliyeinyunyizia dawa hiyo alilindwa na nani?

Hatari anayokabiliana nayo si ndogo. Wengi hudhani sumu huingia kwa pua na mdomo pekee, ilhali njia kuu kwa mnyunyizaji ni ngozi. Dawa za kundi la dimethoate huvuruga mfumo wa neva: mtu huumwa na kichwa, hutokwa na jasho na mate, mboni za macho hunywea, na hatimaye hushindwa kupumua. Aidha, imani kwamba kunywa maziwa baada ya kazi huondoa sumu haina msingi. Aliyedhurika avuliwe nguo, aoshwe kwa maji na sabuni, kisha apelekwe hospitalini haraka pamoja na lebo ya dawa.

Lebo yenyewe hubeba maelezo ya kutosha kwa anayeweza kuisoma. Rangi ya utepe wake huonyesha ukali wa sumu: nyekundu ndiyo hatari zaidi, ikifuatwa na manjano, samawati na kijani. Mnyunyizaji avae glavu, gambuti, barakoa inayofaa na nguo za mikono mirefu. Asinyunyizie akielekea upepo unakotoka, wala asizibue mdomo wa pampu kwa kupuliza kwa kinywa chake. Chupa tupu isuuzwe mara tatu, maji yamiminwe ndani ya pampu, kisha itobolewe ili isigeuzwe kuwa ya maji ya kunywa au mafuta ya taa.

Kanuni hizi ni rahisi kuandika, lakini barakoa na glavu zina gharama ambayo kibarua wa kutwa hawezi kuimudu. Kwa hivyo, serikali za kaunti, ambazo Katiba ya 2010 ilizikabidhi huduma za kilimo, hazina budi kutoa mafunzo ya bure na vyeti kwa wanyunyizaji. Agroveti nazo zizuiwe kumuuzia dawa ya utepe mwekundu mtu asiye na cheti hicho. Bila hayo, orodha ya dawa zilizopigwa marufuku itazidi kurefuka huku kibarua akiendelea kunyunyizia zilizobaki kwa mikono mitupu.