Leza, picha za ukutani na ile herufi O

Ingia sebule yoyote kule Migori au Homa Bay halafu inua macho. Picha zimepangwa juu kabisa, karibu kugusa dari: harusi, mahafali ya kijana wa kwanza kufika chuo kikuu, na ile kubwa ya mzee au mama aliyefariki, ambayo siku ya mazishi ilibebwa mbele ya jeneza. Picha hizo zimetiwa kwenye fremu, zina vioo, na nyingi zinaharibika polepole huku zikitazamwa kila siku.

Mimi ni mtu wa programu za kompyuta, useremala wa fremu si wangu. Lakini siku hizi kazi hizi mbili zimekutana. Mashine ndogo za leza kutoka China zimeingia kwa mafundi wanaotengeneza mihuri, vikombe vya zawadi na vishikio vya funguo, na fundi akishakuwa na leza hachukui muda kabla hajageukia fremu. Anachukua ubao wa MDF, anapakua mchoro wa mioyo na mawaridi kutoka kwenye intaneti, anaukata, kisha anabandika picha kwa gundi katikati. Mteja anafurahi. Mimi, samahani, sifurahi.

Maoni yangu ni kwamba leza inafaa sana kwa kazi ya picha, ila inawekwa kwenye kitu kisichofaa. Iwekwe kwenye matibodi. Kwa wasioijua, matibodi ni ile kadi nene, kama milimita 1.5 hivi, iliyokatwa dirisha katikati, inayokaa kati ya picha na kioo. Wengi huiona ni pambo la picha za hotelini. Kazi yake ya kwanza ni kuizuia picha isiguse kioo.

Kwa nini hilo ni muhimu? Fikiria Homa Bay, mji uliokaa ukingoni mwa Ziwa Victoria. Mchana mabati yanawaka, usiku hewa inapoa, na unyevu uliomo ndani ya fremu unatulia kwenye kioo. Picha za zamani, zile zilizosafishwa kwenye chumba cha giza, zina utando wa jelatini juu yake. Jelatini ikipata unyevu inalainika na kushika kioo. Baada ya miaka kadhaa unataka kubadilisha fremu, unavuta picha, na uso wa bibi unabaki kwenye kioo. Migori iko mbali kidogo na ziwa, lakini usidhani imeokoka. Mvua, mabati na ukuta wa udongo vinatosha.

Na kwa familia nyingi hiyo ndiyo picha yenyewe, hakuna nyingine. Kuna wazee waliopigwa picha mara mbili tu maishani: siku ya kitambulisho, na siku mjukuu alipokuja na kamera ya kuazima.

Najua utaniambia, wewe bwana wa kompyuta, si mtu aiskani tu? Ndiyo, aiskani, tena kabla fundi hajaigusa, kwa dpi 600, na nakala zikae sehemu mbili tofauti. Hilo halina ubishi. Lakini nakala haina mwandiko wa babu nyuma yake, na haina ile pembe iliyokunjwa kwa kukaa kwenye Biblia miaka 40. Watu wanataka ile ile iliyoshikwa na marehemu, na sioni sababu ya kuwakatalia ikiwa kinachohitajika ni kadi tu.

Kadi yenyewe usichukue yoyote. Gazeti lililoachwa juani hugeuka manjano kwa sababu karatasi ya bei ya chini hubaki na lignini ya mti na asidi. Kadi ya boksi inafanya vivyo hivyo, tena inaiambukiza picha. Tafuta iliyoandikwa kuwa haina asidi. Mgongoni pia usiweke boksi la sabuni, kama ilivyo kawaida yetu. Picha ishikwe kwa vipande viwili vya karatasi ya gundi upande wa juu tu, isipakwe gundi mgongo mzima. Kitu kisichoweza kubanduliwa ni kama programu isiyo na kitufe cha kurudi nyuma.

Sasa leza. Leza ya CO2, aliyoibuni Kumar Patel katika maabara za Bell huko Marekani mwaka 1964, hutoa mwale usioonekana wenye urefu wa wimbi wa mikromita 10.6, na karatasi huumeza mwale huo vizuri sana. Zile mashine za bei nafuu zenye mwanga wa buluu ni hadithi nyingine. Kadi nyeupe inaurudisha mwanga huo kama kioo cha gari, unapita mara tano na bado hujakata. Kama ndiyo uliyo nayo, fanyia kazi kadi nyeusi au ya kahawia. Na tafadhali, usiweke PVC kwenye leza yoyote. Moshi wake una asidi ya kloridi, unakula mapafu yako kwanza halafu mashine.

Leza ina kasoro moja ambayo wauzaji hawaitaji. Inakata wima, na ukingo unabaki na rangi ya chapati iliyosahauliwa jikoni. Dirisha la matibodi hupendeza likiwa na ukingo wa mshazari, nyuzi 45, mweupe. Kwa hiyo ushauri wangu ni tumia kadi mbili. Ya chini, inayogusa picha, ikatwe kwa mkono, kwa rula na kisu cha mshazari. Ya juu ndiyo iende kwenye leza ikapate nakshi, na uifute masizi kabla hujafunga fremu. Naona fundi wa zamani na kijana wa leza wanaweza kugawana hela hapo badala ya kununiana.

Tuje kwenye jina la marehemu, sehemu iliyonifanya nikae kuandika. Faili za kupakua zimechorwa na watu ambao hawajawahi kukutana na majina yetu. Ukikata herufi O mpaka upande wa pili wa kadi, kiini chake hakina pa kushika, kinadondoka, unabaki na shimo la yai. A, B, D, P na R ni hivyo hivyo. Sasa andika ODHIAMBO kwa herufi kubwa. Herufi 8, na 5 kati yake zina kiini. ADHIAMBO nazo ni 5. Upande wa Wakuria, ROBI ana 3 kati ya 4, ila MWITA amebahatika, ana moja tu. Nchi ya Wajaluo, ambako majina mengi ya wanaume huanza kwa O na ya wanawake kwa A, ndiyo sehemu mbaya kabisa ya kutumia fonti ya kupakua bila kuitazama.

Dawa zipo mbili. Ya kwanza ni kuweka madaraja madogo yanayoshikilia kiini, yasipungue upana wa milimita 1.5 hivi, la sivyo yanaungua. Inkscape ni programu ya bure na inatosha kabisa kwa kazi hiyo. Ya pili, ambayo mimi naipenda zaidi kwa jina la mtu aliyekufa, ni kutokukata kabisa. Punguza nguvu, ongeza kasi, choma ngozi ya juu tu mpaka weupe wa ndani utokeze.

Halafu kuna ritifaa. Ochieng', Ojwang', Okong'o. Programu nyingi za kuingiza majina kutoka kwenye orodha huiona ritifaa kama alama ya kufunga maneno, zinalikata jina hapo hapo. Nyingine huigeuza kuwa ile iliyopinda, ambayo fonti haina, na badala yake leza inachoma kiboksi kitupu. Kwenye skrini unafuta. Kwenye kadi ya mazishi ya kesho asubuhi, saa nne za usiku, unafuta na nini?

Stima nayo ikipotea katikati ya kazi, mashine husahau ilipokuwa. Piga kona ya mbao mezani ili kadi irudi pale pale, chonga kwanza, kata matundu ya ndani, ukingo wa nje uwe wa mwisho.

Na ile mioyo na mawaridi? Sijui tulikubali lini kwamba huzuni yetu ifanane na kadi ya Valentine. Kule Lamu, Omar Said Bakor wa Studio ya Bakor alikuwa akiwaweka wateja wake ndani ya nakshi kwa mkasi na chumba cha giza, kabla kompyuta haijafika mtaani. Huku kwetu kuna Thimlich Ohinga, zile kuta za mawe zilizopangwa bila udongo katika Kaunti ya Migori, zilizoingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2018. Mawe yale yanayoshikana yenyewe ni mchoro mzuri wa kuzunguka picha, na kwa leza ni rahisi, maana kila jiwe ni tundu na kila mfereji ni daraja.

Nimeanza kuchora fonti yenye madaraja na ritifaa iliyonyooka, katika SVG, na nitaiachia bure mtu yeyote aitumie na kuibadilisha. Nahitaji majina magumu ya kuijaribia. Ong'ong'a tayari ninaye. Mwenye jina lenye ritifaa tatu aniandikie barua pepe.