Uvivu Tunaowasingizia

Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, mazungumzo huwa ni yale yale, iwe kwenye daladala, redioni au kwenye kikao cha harusi. Watoto wavivu. Walimu hawana wito. Elimu bila ada imeharibu kila kitu. Maneno haya nimeyasikia kwa watu ninaowaheshimu, wengine wakiwa wazazi wanaojinyima ili wanao wasome. Kwa sababu hiyo yanastahili jibu la kweli, moja baada ya jingine.

Linalorudiwa zaidi ni kwamba watoto wa siku hizi hawataki kusoma, akili zao ziko kwenye simu. Shule zetu za kata haziruhusu mwanafunzi kuingia na simu, na vijijini wengi hawana hata ya kuazima. Bado utawakuta darasani wamejiinamia. Chanzo kiko karibu zaidi ya simu. Mtoto huyu amesoma miaka saba kwa Kiswahili. Anaingia kidato cha kwanza, anapewa wiki chache za kozi ya awali ya Kiingereza, kisha fizikia, biolojia na jiografia zinamjia zote kwa lugha ambayo hajawahi kuitumia hata kuomba maji ya kunywa. Mwalimu anauliza swali, darasa linakaa kimya. Anauliza tena, wanaitikia kwa pamoja kitu walichokariri. Mwalimu huyo huyo akiligeuza somo kwa Kiswahili, mikono inanyooshwa mpaka nyuma kabisa. Walimu wengi hufanya hivyo kila siku japo utaratibu hauwaruhusu, maana wameona kwa macho yao kwamba mtoto aliyedhaniwa hana ari alikuwa haelewi tu. Tatizo linarudi Novemba, karatasi ya mtihani inapokuja kwa Kiingereza na kila alichokielewa kinabaki kichwani bila maneno ya kukiandikia.

Wapo waliopotea mapema zaidi, kabla ya Kiingereza. Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulipunguzwa masomo ukaelekezwa kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu, kwa sababu ilionekana wazi kwamba watoto wanapanda madarasa bila stadi hizo. Aliyefika darasa la nne hajui kusoma kwa ufasaha hafungui kitabu kwa hiari, na katika chumba chenye watoto mia, mwalimu hana namna ya kumfikia. Ongeza njaa. Mtoto aliyeondoka nyumbani alfajiri bila chai, akatembea mwendo mrefu, na hatakula mpaka arudi jioni, atasinzia kipindi cha saa saba mchana. Mtu mzima angesinzia pia.

Je, ni elimu bila ada iliyotufikisha hapa? Wanaosema hivyo wamesahau kidato cha nne cha mwaka 2012. Matokeo yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa wamepata daraja sifuri. Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, aliunda tume, na hatimaye matokeo yale yakafutwa na kupangwa upya. Wazazi wa watoto wale walikuwa wakilipa: ada ya shilingi 20,000 kwa mwaka kwa shule za kutwa, na juu yake michango ya kila jina. Waraka uliofuta ada mpaka kidato cha nne ulitoka mwishoni mwa 2015 na kuanza kazi Januari 2016. Haiwezekani uwe umeleta janga lililotangulia kwa miaka mitatu.

Kilichotokea 2016 kilikuwa kimeshatokea 2002 chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM), na kabla ya hapo miaka ya sabini baada ya Azimio la Musoma, lililotaka elimu ya msingi kwa wote (UPE): watoto waliokuwa wamekaa nyumbani walikuja, na walimu, madarasa na vitabu havikuja kwa kasi ile. Ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwaka, na kati ya hizo 6,000 ndizo za kupelekwa shuleni. Zigawe kwa siku 194 za masomo: inabaki kama shilingi 31 kwa mtoto kwa siku, za chaki, karatasi za mitihani na kuziba paa linalovuja. Nakubali jambo moja. Wazazi wengi walielewa kwamba sasa hawadaiwi chochote, hata debe la mahindi ya uji, na shule zilizokuwa zikipika mchana zikaacha. Hilo linarekebishwa na mkutano wa kijiji ulioitishwa vizuri. Halihitaji mtoto wa maskini arudishwe nyumbani.

Kisha linakuja la walimu wenyewe: kwamba ualimu ni kimbilio la waliofeli. Zamani ilikuwepo sababu ya kusema hivyo. Wakati wa UPE, ile ya miaka ya sabini, serikali iliwachukua vijana waliomaliza darasa la saba na kuwafunza ualimu huku wakifundisha, na baadaye vyuo vya cheti vilipokea waliopata daraja la nne. Siku hizo zimepita. Serikali ilipofanya usaili wa walimu mwanzoni mwa 2025, nafasi zilikuwa zaidi ya 14,000, na waombaji walikuwa takriban laki mbili, watu waliosomea ualimu, wakiwemo wenye stashahada na shahada. Wenye sifa tunao, tumewaacha nje ya geti.

Neno linaloniuma zaidi ni lile la wito, kwamba mwalimu anayelalamikia mshahara hana wito. Tumfuate mwalimu mpya anayepangiwa shule iliyo mbali na makao makuu ya wilaya. Nyumba ya mwalimu hakuna, kwa hiyo anapanga chumba kijijini. Fedha ya kujikimu inachelewa. Anakaa miaka akisubiri kupanda daraja, kama walivyosubiri wengi katika kipindi cha uhakiki wa vyeti kilichoanza 2016, na madai yake ya uhamisho na likizo yanaitwa malimbikizo, yaani yanasubiri. Mtoto wake anaugua. Anakopa. Mikopo iliyo karibu naye ni ile inayoitwa kausha damu: mkopeshaji anabaki na kadi ya benki na namba ya siri, na mshahara ukiingia anatoa yeye kwanza. Mwalimu huyu anaingia darasani akijua kwamba mwezi wote aliofundisha umeshakwenda kwa mtu mwingine. Mwaka 2012 Chama cha Walimu kiliitisha mgomo, na miongoni mwa madai kulikuwa na posho ya asilimia 30 kwa wanaofanya kazi mazingira magumu. Mahakama Kuu, Kitengo cha Kazi, iliusimamisha mgomo ule, na walimu wakarudi madarasani.

Wanafunzi wanayaona yote haya. Wanajua ni mwalimu yupi dukani ameandikwa kwenye daftari la madeni. Mtu aliyesoma kuliko wote kijijini akiwa ndiye anayedaiwa kuliko wote, hotuba ya mgeni rasmi kuhusu faida za elimu haiwezi kushindana na hilo.

Kuhusu kiboko sitasema mengi. Kanuni za mwaka 2002 zinataka fimbo zisizidi nne, zitolewe na mkuu wa shule au aliyemruhusu kwa maandishi, na ziandikwe kwenye kumbukumbu. Lakini wanafunzi wanachapwa kwa kuchelewa siku ambayo mto umefurika, na kwa kukosea hesabu. Mwaka 2018 mwanafunzi wa darasa la tano wa Bukoba alikufa baada ya kupigwa na mwalimu. Na mtoto anayechapwa kwa jibu lisilo sahihi ndiye yule yule ambaye kesho yake atanyamaza, tukasema hana ari.

Imebaki hoja ya wanafunzi wenyewe, na ndiyo nzito kuliko zote: nisome ili iweje, ajira hakuna? Wanamwona kaka yao mwenye shahada ya ualimu akiendesha bodaboda. Naweza kuwajibu kwamba anayejua kusoma hatapunjwa kwenye hati ya shamba, na kwamba mitaala iliyoanza 2024 imeleta mkondo wa amali, ambao utafaa pale tu karakana na wakufunzi watakapokuwepo. Ni majibu ya kweli, lakini hayatoshi, maana kaka yule bado yuko kijiweni, na darasa la watoto mia lisilo na mwalimu liko mwendo wa dakika kumi kutoka hapo. Baadhi ya vijana kama yeye tayari wanajitolea shuleni kwa posho inayochangwa na wazazi. Wakiajiriwa, watoto wanapata mwalimu na pia wanaona kwamba aliyesoma amepata kazi nyumbani kwao. Bajeti ijayo ya TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa) ianzie hapo, kwa idadi ya walimu wanaopungua katika kila shule, kabla ya magari na semina.