Kidonda kimefunga, kichwa bado

Neno "amepona" linatolewa haraka sana Kisangani. Mtu amekatwa panga kichwani kule Lubunga, au ameanguka na toleka kwenye barabara ya Bangboka. Analala hospitalini wiki mbili, nyuzi zinatolewa, anarudi nyumbani kwa miguu yake. Majirani wanamshukuru Mungu. Miezi mitatu baadaye anapotea njia ya soko, anawapigia watoto kelele bila sababu, analala mchana kutwa. Hapo anapewa majina mengine: mvivu, kichaa, amerogwa. Familia inaanza kuzunguka vyumba vya maombi.

Ni kosa, na damu yenyewe inashuhudia. Ubongo ukipigwa kwa nguvu, nyuzi zake nyembamba zinazopeleka habari zinakatika, na protini yao inavuja hadi kwenye damu. Inaitwa nyurofilamenti. Utafiti wa hospitali za Ulaya uliochapishwa 2021 ulifuata majeruhi mwaka mzima. Protini hiyo haikufika kilele siku ya ajali, bali kati ya siku ya 10 na wiki ya 6, na hata baada ya mwaka ilikuwa bado juu. Waliokuwa nayo nyingi ndio waliobaki na hali mbaya zaidi. Yaani kovu lilikuwa limefunga, na ndani kazi ya kuharibika ilikuwa inaendelea.

Kuna watakaosema hayo ni mambo ya Ulaya, hapa hata umeme unakatika. Sawa. Kipimo hicho hakitafika Lubunga kesho, na hata kikifika hakitamtibu mtu. Lakini fundisho lake halihitaji mashine. Linahitaji mgonjwa aitwe tena baada ya mwezi, baada ya miezi mitatu, baada ya mwaka, aulizwe juu ya usingizi, kumbukumbu, hasira na kifafa. Kifafa kinaweza kuanza miezi au hata miaka baada ya pigo, na kina dawa. Fenobarbitali si dawa ya matajiri. Kinachomzuia mhami aliyekimbia mapigano ya Wambole na Walengola yaliyoanza Februari 2023 ni pesa ya kuonana na muganga mara ya pili.

Pesa, tuzungumze basi. Tarehe 9 Februari 2022, Korti ya Kimataifa ya Haki kule La Haye iliamuru Uganda ilipe dola milioni 325, na milioni 225 kati yake ni kwa madhara yaliyopata watu. Vita vya Siku Sita vya Juni 2000 viliacha majeruhi zaidi ya 1,000 hapa mjini, kwa mujibu wa ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010. FRIVAO, mfuko wa kugawa fidia hiyo, uko hapahapa. Mguu uliokatwa unaonekana mbele ya afisa. Je, aliyepigwa na kipande cha bomu kichwani, ambaye tangu siku ile hawezi kushika kazi, ataonyesha nini? Karatasi ya mwaka 2000 inayosema "ametoka, amepona"?

FRIVAO na idara ya afya ya jimbo walipe uchunguzi wa vichwa hivi kabla ya kufunga orodha yoyote, na wahami wa Lubunga waingizwe kwenye ufuatiliaji wa bure. Na familia zisingoje: ziandike tarehe ya kuumia, tarehe ya kutoka hospitalini, na tarehe ya kila mara mgonjwa anapoanguka kifafa.