TAHARIRI: MIPAKA YA MSITUNI IWEKWE MCHANA



Kiangazi kimefika, majani yamepungua, na mtu anaona mbali msituni. Huu ndio wakati wa kuipitia mipaka yetu. Mvua zikianza kila mtu atakuwa shambani na jembe lake.

Mpaka wa shamba unalimwa kila mwaka, kwa hiyo unajulikana. Wa msituni unasahaulika. Mzee alimwonyesha mwanawe mti mkubwa akasema, mpaka ni hapa. Mzee amefariki, mti umechomwa mkaa. Sasa majirani wanabishia kisiki, na kesho watashika mapanga. Hapa Tarime na Serengeti tumekwisha kuzika watu kwa ajili ya ardhi. Inatosha.

Tunasema hivi:

Kwanza, mpaka hauwekwi na mtu mmoja. Majirani wote wawili watembee pamoja, na wazee wa mila, na mjumbe wa serikali ya kijiji. Mjane aitwe naye, siyo aletewe habari jioni ati mpaka umeshapita. Na vijana waende, maana ndio mashahidi wa miaka 40 ijayo.

Pili, alama ya panga kwenye mti haitoshi. Gome hujiziba, moto hupita, mti hukatwa. Tupande makonge au minyaa kwa mstari, ukisimama penye alama moja uione ya pili. Penye kona tuchimbie jiwe kubwa, na chini yake tumwage mkaa. Mkaa hauozi. Anayehamisha jiwe usiku atausahau mkaa.

Tatu, mpaka uandikwe. Hatua zihesabiwe, mashahidi watie sahihi au dole gumba, karatasi itunzwe ofisini. Kusoma tulijifunza kwa kazi gani basi? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inamruhusu mwanakijiji kuomba hati ya hakimiliki ya kimila, na haki ya mwanamke ni sawa na ya mwanamume. Lakini hati bila mpaka unaojulikana italeta kesi tu.

Wasiopatana waende Baraza la Ardhi la Kijiji. Lina wajumbe 7, na 3 kati yao ni wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha.

Kila balozi apange siku na watu wa shina lake, na aanze na mpaka wake mwenyewe.

Umoja ni nguvu.