Mgeni Njoo, Mji Upone

Tarehe 14 Juni 2024 treni ya umeme ilianza kuchukua abiria baina ya Dar es Salaam na Morogoro, na tarehe 25 Julai mwaka huo huo ikafika Dodoma. Si mara ya kwanza kwa reli kuamsha miji hii. Reli ya zamani ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Lakini reli ile ilikuwa ya mkoloni wa Kijerumani, nayo ilitandikwa ili mali ya bara iteremke pwani na askari wapande bara. Raha ya mwananchi haikuwamo katika hesabu zake. Reli ya leo imejengwa kwa fedha za umma, na kwa mikopo ambayo umma ndio utakaoilipa. Kwa hiyo ni haki yetu kuuliza: je, umma unaitumia kwa kazi gani?

Tukitazama kwa uaminifu, tutakiri kwamba wengi wetu husafiri kwa sababu chache tu. Twaitwa kazini, twaitwa msibani, twaenda arusini, twampeleka mgonjwa, au twampeleka mtoto shule. Mtumishi wa ofisi huenda Dodoma mara kumi kwa mwaka, akalala, akahudhuria mkutano, akapokea posho yake na kurudi, na bado hajui mji ule una nini zaidi ya ukumbi wa mikutano na chumba cha kulala. Safari ya kwenda kuutazama mji, siku mbili tu, pamoja na mke au mume na watoto, twaiona kuwa ni jambo la Wazungu na watu wenye fedha za kutupa.

Sisi twasema kwamba fikira hii imepitwa na wakati, na yafaa iachwe.

Wapo watakaotujibu kwamba mwananchi ana mahitaji makubwa kuliko kutembea: chakula, karo, dawa na kodi ya nyumba. Hatubishi. Mtu asiuze bati la paa lake ili akapande treni. Lakini kupumzika ni haki ya kila mfanyakazi, nasi hatuoni kwa nini haki hiyo iwe ya tajiri peke yake. Tena, fedha nyingi huteketea mjini katika mambo ambayo hata aliyeyafanya hayakumbuki juma lililofuata. Mtu aketiye katika kilabu cha pombe kila Jumamosi hajiiti mtu wa anasa. Lakini akiambiwa awapeleke watoto Morogoro husema hana fedha. Hebu tupige hesabu.

Nauli ya treni ya kawaida iliyotangazwa mwaka 2024 ilikuwa shilingi 13,000 kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, na shilingi 31,000 hadi Dodoma. Mtoto wa miaka minne hadi kumi na miwili hulipa nusu. Basi baba, mama na watoto wawili, kwenda na kurudi Morogoro kwa nauli hiyo, ni shilingi 78,000. Jamaa hao wakiweka kando shilingi 3,000 kila juma, baada ya majuma 26, yaani nusu ya mwaka, nauli yote imetimia. Hiyo si fedha ndogo kwa kibarua, wala hatutadanganya kwamba ni ndogo. Tena chakula na malazi havimo. Lakini aliye na ndugu mjini kule atalala kwa ndugu, na asiye na ndugu anaweza kwenda alfajiri na kurudi jioni, maana treni huchukua muda usiofika saa mbili. Bandari ya salama ya mtu maskini ni kupanga mapema.

Na akifika Morogoro ataona nini? Ataona kwanza milima ya Uluguru, ambayo wengi wetu tumeiona kwa dirisha la basi tu. Maji ya mto Ruvu, ambayo watu wa Dar es Salaam huyanywa, sehemu kubwa huanzia katika milima hiyo. Mtoto anayefungua bomba Temeke au Kinondoni akisimama chini ya misitu ile ataelewa, bila mahubiri, kwa nini mti wa Uluguru usikatwe ovyo.

Kisha aende Mazimbu, nje kidogo ya mji. Hapo palikuwa na shamba la mkonge, ambalo Serikali yetu iliwapa wapigania uhuru wa Afrika Kusini. Baada ya vijana wa Soweto kuuawa mwaka 1976 na wenzao wengi kukimbia nchi yao, chama cha ANC kilianzisha mahali pale shule, nayo ikapewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali ya makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Mwaka 1992 majengo yale yalikabidhiwa kwa taifa letu, na leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Makaburi ya wapigania uhuru yako pale pale. Watu wa Afrika Kusini husafiri maelfu ya maili kuja kuyaona. Ni aibu iliyoje, mtoto wa Ilala aliye umbali wa saa mbili asijue hata kwamba yako! Twamfundisha darasani kwamba nchi yake ilisaidia ukombozi wa Afrika, naye hukariri ili ashinde mtihani. Akisimama mbele ya kaburi la mtu aliyezaliwa Johannesburg na kuzikwa Morogoro, hatahitaji kukariri.

Wapenzi wa muziki nao wana haki yao. Mji huo ndio uliomlea Salum Abdallah na Cuban Marimba, na Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Wazee waliowahi kucheza dansi zao bado wanaweza kupatikana na kuulizwa, wala hawatakuwako milele.

Dodoma nayo ina yake. Mwaka 1973 ndipo ilipoamuliwa kwamba makao makuu yahamie katikati ya nchi, na ikachukua zaidi ya miaka arobaini kabla Serikali haijahamia kwa kweli. Mwananchi akipanga mapema na kufuata taratibu aweza kuketi Bungeni na kumsikiliza kwa masikio yake mbunge aliyemchagua. Njiani treni hupita katika mahandaki ya milima ya Kilosa, jambo ambalo peke yake latosha kumfurahisha mtoto, na mwisho wa safari ataonja zabibu za Wagogo zilizoiva juani.

Sasa, safari haiendi vizuri kwa kutamani tu. Yafaa ipangwe. Twawashauri wasomaji wetu mambo machache. Kwanza, nunua tikiti mapema, ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja, hasa karibu na sikukuu na kufungwa kwa shule. Aliyekata ya kwenda peke yake hujikuta Jumapili jioni akibembeleza nafasi ya kurudi. Uliza na nauli ya siku hiyo, usitegemee ya mwaka uliopita. Pili, chukua kitambulisho, na ufike stesheni mapema. Treni hii haimngojei mtu kama basi la stendi lingojavyo kujaa. Tatu, jua stesheni ilipo. Dar es Salaam iko katikati ya mji, lakini ile ya Morogoro iko Kihonda, na ile ya Dodoma iko pembeni mwa mji. Kwa hiyo weka akiba ya daladala au bajaji. Nne, piga simu kwenye nyumba ya wageni kabla ya kuondoka, na uulize bei, maji na usalama. Tano, usitake kuona kila kitu. Mambo mawili kwa siku yatosha. Anayekimbilia mambo sita hurudi na uchovu tu. Na mahali kama Mazimbu, ambapo ni chuo na pia ni makaburi, omba ruhusa kwanza na uingie kwa adabu.

Lakini wajibu si wa msafiri peke yake. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni mmoja akishuka Morogoro hula kwa mama lishe, hupanda bajaji ya kijana, hulala katika nyumba ya mtu, na hurudi na kapu la ndizi na matunda ya milimani. Fedha yake haipiti kwa karani yeyote. Yaingia moja kwa moja mkononi mwa mwananchi. Siku kuna treni, lakini mji ukilala, faida hiyo itapita dirishani.

Kwa hiyo twazishauri halmashauri za miji hii zifanye mambo ambayo hayahitaji mkopo kutoka nje. Liwekwe bao stesheni lenye nauli halali za kwenda mjini, ili mgeni asinyang'anywe mlangoni. Viwekwe vibao vya kuonyesha njia za milimani na mahali pa historia. Waandikishwe vijana wanaoijua historia ya mji wao, wafundishwe, wapewe vitambulisho, nao wapate riziki kwa kuwaongoza wageni. Na vyoo viwe safi. Mgeni husamehe chakula chenye chumvi nyingi, lakini hasahau choo kibaya.

Majirani zetu wa Kenya walituanza katika jambo hili, kwani treni yao mpya ya Mombasa na Nairobi ilianza mwaka 2017. Stesheni ya Mombasa iko Miritini na ya Nairobi iko Syokimau, zote mbali na katikati ya mji, na kila abiria ashukaye bado ana safari nyingine mbele yake. Funzo lake ni wazi: safari haiishii relini, yaishia pale mgeni anapotua mzigo wake. Mji usiofikiria hatua hiyo ya mwisho umeifikiria nusu tu ya safari.

Vyama vya wafanyakazi navyo visikae kimya. Badala ya kungoja Mei Mosi kugawa fulana, vingeweza kukusanya akiba ya wanachama na kuwapeleka kwa makundi. Walimu wakuu nao walikumbuke darasa la Mazimbu.

Mwisho, twamwambia kila mzazi: hesabu miji ya nchi yako ambayo mwanao ameiona kwa macho, si kwa ramani. Ikiwa ni mmoja tu, huo anaokaa, basi anza wiki hii kuweka shilingi 3,000. Taifa hili liliunganishwa na watu waliotembea kwa miguu, kwa malori na kwa gari la moshi, wakajuana. Sisi tumepewa njia nyepesi kuliko yao. Tusiiache ikapita mbele ya milango yetu bila sisi kupanda.