Sheria ya kumlinda mnunuzi ipo, lakini iko mbali

Ndugu Mhariri,



Mimi ni fundi cherehani hapa Tabora. Miezi michache iliyopita niliona kwenye simu tangazo la cherehani ya umeme, ikielezwa kuwa ni mpya. Muuzaji alisema yuko Kariakoo, Dar es Salaam. Nilimtumia shilingi 450,000 kwa simu, na mzigo ukaletwa kwa basi. Siku ya tatu mota ilitoa moshi. Fundi umeme alipoifungua alikuta imekwisha kusukwa waya upya. Kumbe haikuwa mpya! Wakati huo nilikuwa nimepokea arubuni za sare za shule, na wazazi wanazisubiri.

Nilipompigia muuzaji alinijibu kuwa mali ikiuzwa hairudi. Nilipopiga tena hakupokea.

Wengi wetu huishia hapo. Tunatukana, kisha tunanyamaza. Mimi niliacha kupiga, nikamwandikia. Nilimtajia tarehe ya malipo, nikamtumia picha ya tangazo lake mwenyewe na ya mota iliyoungua. Nilimpa siku saba arudishe fedha au alete mota nzima, la sivyo ningepeleka malalamiko Tume ya Ushindani. Siku ya tano alituma mota nyingine. Gharama ya basi nililipa mimi, nikasema heri nusu shari kuliko shari kamili.

Ndugu Mhariri, "mali ikiuzwa hairudi" si sheria ya nchi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mlaji. Nayo Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka anayeuza mtandaoni ajitambulishe kwa jina na anuani, na ujumbe wa simu hauwezi kukataliwa mahakamani kwa sababu tu ni wa simu. Kwa hiyo anayefuta ujumbe anafuta ushahidi wake.

Tatizo basi si ukosefu wa sheria, bali ni umbali. Aliyepunjwa shilingi 30,000 hawezi kusafiri kutoka Tabora hadi Dar es Salaam kuzidai, maana nauli itazidi dai lenyewe. Walaghai wanalijua hilo, na ndiyo sababu hawaogopi.

Napendekeza Maafisa Biashara wa halmashauri wapewe kazi ya kupokea malalamiko haya na kuyafikisha kwenye Tume. Pili, kila anayetangaza bidhaa mtandaoni aoneshe namba ya leseni yake na mahali duka lilipo. Wauzaji waaminifu, ambao ni wengi, hawatadhurika. Wao ndio wanaopoteza wateja kwa makosa ya wachache.

Sisi wanunuzi nasi tujisahihishe. Mimi nilivutiwa na bei, sikuuliza hata duka liko mtaa gani. Tuulize kwanza, tudai risiti, tutunze ujumbe, kisha ndipo tutume fedha.

Naomba wahusika walitazame jambo hili.

Fundi Cherehani,
Tabora.