BEI YA EKZOSI: ULIZENI KABLA YA KULIPA

Madereva wetu wengi huingia gereji na gari linalonguruma, wakatoka na deni. Fundi husema, "Ekzosi yote imekwisha," na dereva hulipa. Sisi twasema: ngojeni kwanza.

Ekzosi si kitu kimoja. Kuna mabomba, katalitiki ya kusafisha moshi, sailensa, na mipira ya kuishikilia. Mwambieni fundi ainue gari, awaonyeshe palipotoboka. Tundu dogo la bomba huchomelewa. Sailensa iliyoliwa na kutu hubadilishwa peke yake. Bei iandikwe, vipuri mbali na kazi mbali, kisha mkaulize gereji ya pili. Mkibadilishiwa katalitiki, daini ile ya zamani: ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ya thamani, na wako wanaoiuza kimya kimya.

Lakini msikimbilie bei ya chini tu. Kiraka kibovu huingiza moshi ndani ya gari, na moshi huo una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu, nayo huua. Fundi naye ni mfanyakazi. Jasho lake lilipwe. Tunalokataa ni kulipia kazi isiyofanywa.